Gurudumu Kwanza, Rangi Baadaye: Mkokoteni wa Maksai wa Costa Rica

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie mikokoteni ya mbao inayopakwa rangi kwa mkono, nami nimechagua ya Costa Rica, kule Amerika ya Kati. Wengi mmeiona pichani: rangi ya chungwa, maua, majani, na nyota kubwa iliyojaa gurudumu zima. Nawaomba tuziweke rangi hizo kando kidogo. Tuanzie chini, kwenye matope.

Katikati ya karne ya 19 nchi ile iliishi kwa kahawa. Mwaka 1843 nahodha William Le Lacheur, mtu wa kisiwa cha Guernsey, aliipeleka London kwa meli, na soko la Uingereza likafunguka. Kazi ngumu ilikuwa kuifikisha bandarini. Kahawa ilistawi kwenye Bonde la Kati, huko juu milimani, na meli zilingoja Puntarenas, pwani ya Pasifiki. Misafara ya mikokoteni ilitumia siku 10 hadi 15 njiani. Mliokulia Moshi au Bukoba, udongo wa nchi ya kahawa ukinyeshewa mnaujua, sina haja ya kuueleza.

Sasa, gurudumu lenye spoku likizama kwenye udongo ule, tope huingia katikati ya spoku, likashikana, na maksai wakabaki wanavuta mlima mdogo. Mafundi wakaziacha spoku, wakaunda gurudumu lililozibwa kabisa. Si ubao mmoja uliochongwa duara, maana ubao wa namna hiyo hupasuka kufuata nyuzi zake. Ni vipande 16, kila kimoja chembamba upande wa katikati na kipana upande wa nje, kama chapati iliyokatwa. Hupangwa kuzunguka kitovu, kisha mhunzi huleta pete ya chuma iliyopashwa moto hadi ikatanuka, huivisha gurudumu na kuimwagia maji. Chuma kinapopoa husinyaa, na vipande vyote hubanwa pamoja. Mhunzi akikosea kipimo cha pete, kazi yote ya seremala imepotea. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ufundi mkubwa wa mkokoteni huu, na hapo hapana hata tone la rangi.

Halafu kuna sauti. Gurudumu huachiwa nafasi kidogo lichezecheze kwenye ekseli, na kila linaporuka jiwe, pete nyingine ya chuma hugonga nati ya kitovuni. Mkokoteni hulia. Kila mmoja una mlio wake, na wenyeji huuita wimbo. Mwenye mkokoteni alijivunia mlio huo, na fundi alichagua mbao akiufikiria. Nadhani hili ndilo linalowapita wageni wengi, kwa sababu wanauona mkokoteni ukiwa umesimama.

Na rangi? Desturi ya kuupamba ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Tazameni tarehe hiyo vizuri. Reli ya kwenda Limón, upande wa Karibi, ilikamilika mwaka 1890, na ile ya Pasifiki ikafika Puntarenas mwaka 1910. Yaani mkokoteni ulianza kuvaa maua wakati safari yake ndefu inaisha. Haukuacha kazi: uliendelea kubeba mazao, kuni na miwa huko mashambani. Lakini sasa ulizunguka karibu na nyumbani, kanisani na sokoni, ukionwa na majirani, na majirani, kama mjuavyo, hutazama. Hayo ni maelezo yangu mimi, na nayasimamia.

Mwanzoni kila eneo lilikuwa na michoro yake, hata ukiona gurudumu ukajua mwenyewe katoka wapi. Baadaye kukawa na mashindano ya kila mwaka, na wachoraji wakazidishiana madoido. Mji uliojulikana zaidi ni Sarchí. Karakana ya Eloy Alfaro ya mjini humo ilianzishwa miaka ya 1920, na mashine zake zilijengwa zizungushwe kwa nguvu ya maji. Mchoraji hugawa gurudumu kwa bikari, akachora nyota, kisha hujaza mikunjo na petali kwa burashi na mkono mtupu. Nira nayo huchongwa na kupakwa rangi. Nira yao, tofauti na ya kwetu inayokaa shingoni, hufungwa kichwani mwa ng'ombe, kwenye pembe zenyewe, kwa kamba za ngozi.

Mwaka 1988 serikali iliutangaza mkokoteni kuwa alama ya taifa ya kazi. UNESCO nayo iliutambua mwaka 2005, pamoja na desturi ya uswagaji wa maksai, na nafurahi kwamba mswagaji hakusahauliwa. Sarchí pia kuna mkokoteni mkubwa mno uliotengenezwa mwaka 2006 kwa ajili ya rekodi ya dunia. Wageni hupigia picha. Mimi haunivutii: haujawahi kubeba gunia.

Siku hizi karakana huuza zaidi mikokoteni midogo ya bustanini, na mingine hugeuzwa kabati la vinywaji. Siwalaumu, fundi lazima ale. Ila ukifika huko ukitaka kununua, usianze na maua. Shika gurudumu, livute kwako kisha lisukume, na utege sikio.