Mota Inayonguruma Bila Kuzunguka

MKEREZAJI: Shikamoo mzee wangu, na karibuni wasikilizaji wa kipindi chetu kutoka hapa Arusha. Msikilizaji mwenye karakana Unga Limited anakereza miguu ya vitanda kwa mashine ya umeme wa njia moja. Akiwasha, mota inanguruma bila kuzunguka, na ameshaambiwa aipeleke ikasukwe upya, yaani koili zake, zile waya zilizoviringishwa ndani, zifungwe mpya.

FUNDI UMEME: Marahaba, binti. Kabla hajatoa pesa ya kusuka mota, azime umeme, achomoe plagi, kisha autoe mkanda kwenye puli. Azungushe kwa mkono ekseli ya mota peke yake, halafu ekseli ya mashine peke yake. Ikiwa mojawapo ni nzito au inakwaruza, aanze na beringi. Mkanda ukiwa umefungwa, ubovu wa upande mmoja hujificha kwa mwenzake, na ndiyo maana mota nyingi nzima hupelekwa kusukwa.

MKEREZAJI: Tuseme zote mbili zinazunguka kwa wepesi.

FUNDI UMEME: Basi tuitazame mota. Mota ya njia moja haiwezi kujianzisha kwa koili kuu pekee. Huhitaji koili ya kuanzishia, ambayo katika mota nyingi za aina hii hupata umeme kupitia kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, na swichi ndogo iliyomo ndani. Mota ikifikia takribani asilimia 75 ya mwendo wake, vizito vya swichi hiyo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuikatia koili hiyo umeme. Kwa hiyo, mota ikinguruma huku ekseli ni nyepesi, nashuku kapasita iliyokufa, swichi isiyogusana, au koili ya kuanzishia iliyokatika. Viwili vya kwanza ni nafuu sana kuliko kusuka, na inaniuma kuona mtu analipia cha tatu kabla havijapimwa.

MKEREZAJI: Kwa sisi wa mbao, swichi hiyo huteseka mno. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha mota, unakuta vumbi la mninga limechanganyika na grisi na kuganda katikati ya viguso, na ncha zake zimekuwa nyeusi kwa cheche.

FUNDI UMEME: Ncha hizo zisuguliwe kwa msasa laini, na springi ikaguliwe kama bado inarudi. Kapasita nayo ishikwe kwa tahadhari, kwa sababu huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Itolewe chaji kwa kuunganisha rezista kwenye ncha zake mbili; kuzigusanisha kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya, kunaweza kuiharibu kapasita na kumuunguza fundi. Ikiwa imevimba au inavuja, ibadilishwe tu. Ikionekana nzima, ipimwe kwa multimita yenye kipimo cha maikrofaradi, na jibu lilinganishwe na namba iliyoandikwa ubavuni. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi.

MKEREZAJI: Na mashine inayoanza vizuri asubuhi, lakini jioni inachelewa kushika kasi hadi breka ya umeme inakata?

FUNDI UMEME: Hapo apime volti kwenye vituo vya mota, pale waya zinapounganishwa nayo, wakati inapoanza, si kwenye soketi mashine ikiwa imezimwa. Umeme wetu wa njia moja ni volti 230. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kuanzia hushuka hadi karibu asilimia 81 ya kawaida yake, na mota inayokawia kuanza huvuta umeme mwingi na kupata moto. Waya mwembamba na mrefu wa kuunganishia huongeza upungufu huo.

MKEREZAJI: Kwa wenye umeme wa njia tatu?

FUNDI UMEME: Wapime kati ya kila fezi mbili, yaani njia mbili kati ya hizo tatu, zote zikaribie volti 400. Fezi moja ikipotea, mota hunguruma na kuungua upesi. Na fundi akibadilishana fezi mbili wakati wa kuunganisha, mota itazunguka kinyume.

MKEREZAJI: Hilo ni la hatari kubwa, wasikilizaji. Mashine nyingi za kukereza hushika kichwa, yaani sehemu inayobana mbao, kwa nyuzi za skrubu, hivyo mzunguko wa kinyume unaweza kukilegeza hadi kikaruka pamoja na gogo lililofungwa. Baada ya kazi yoyote ya umeme, jaribuni kwanza bila kichwa na bila mbao.

FUNDI UMEME: Nyongeza moja, binti. Kwa jinsi umeme unavyokatika na kurudi, swichi ya kawaida iliyoachwa imewashwa itaiamsha mashine yenyewe wakati mtu ameinama kupima kipande chake. Wekeni swichi yenye kontakta, ambayo huachia umeme unapokatika na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Mimi siunganishi mashine ya kukereza bila hiyo.