Isome Nyumba Kabla ya Kitabu

Mhadhara kwa mafundi wazungumzaji wa Kiswahili, Minneapolis

Wazee wangu shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Najua Jumamosi ndiyo siku pekee wengi wenu mnayopumzika, kwa hiyo nawashukuru sana kwa kufika. Humu ndani nawaona watu niliopanda nao paa kwenye baridi ya Januari, waliotoka Bukavu, Bujumbura, Tanga na Mombasa. Nimeombwa nizungumzie mtihani wa LEED AP Homes, ule wa wataalamu wa nyumba za kuishi zisizopoteza nishati wala maji, na nina hamu kubwa muufanye.

Nianze na utaratibu. LEED ni mfumo wa kupima majengo ulioundwa na Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1993. Kufika huko unapita mitihani miwili. Wa kwanza, Green Associate, haudai uzoefu wa kazi. Wa pili ndio huu wa nyumba. Kila mmoja una maswali 100 kwa saa 2. Matokeo huanzia 125 hadi 200, na kufaulu ni 170. Baadhi ya maswali hayo 100 ni ya majaribio, hayahesabiwi, na huwezi kujua ni yapi. Nawaambia hili mapema kwa sababu mtu akikutana na swali geni kabisa hupoteza moyo na kuharibu kumi yanayofuata. Jibu unavyoweza, songa mbele.

Mara ya kwanza nilipata 164. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimesoma usiku kwa miezi mitatu baada ya kazi. Nilikariri kila kifungu kina alama ngapi, nikakariri kwamba nyumba ikipata alama 40 ni cheti cha kawaida, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Nilichokosa ni kwamba maswali yako ya aina tatu: ya kukumbuka, ya kutumia ulichokijua, na ya kuchambua. Kukariri kulinisaidia kwenye aina ya kwanza tu. Nyingine mbili zinakuwekea nyumba mbele yako na kukuuliza: hapa kuna tatizo gani, na utafanya nini?

Mara ya pili nilibadili njia. Nilichukua nyumba moja niliyoijenga kwa mikono yangu, ya futi za mraba 2,000 na vyumba vitatu vya kulala, na kila nilichosoma nikakitafutia mahali pake ndani ya nyumba hiyo. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza leo.

Tuanze na sufi ya kioo, maana wengi wenu mnaijaza kutani kila siku. Kitabu kinasema ufungaji wa sufi hupewa madaraja, la kwanza likiwa bora. Ukikariri neno hilo litakutoka. Sasa rudi kwenye ukuta wako kabla jipsamu haijafungwa. Kuna waya wa umeme unakatiza katikati ya nguzo mbili. Fundi mwenye haraka anaibana sufi nyuma ya waya, na mbele inabaki nafasi tupu. Fundi mzuri anaipasua sufi katikati ya unene wake, nusu inapita nyuma ya waya, nusu mbele, mkono ukipitisha husikii bonde. Huyo wa pili ndiye daraja la kwanza. Na ndiyo maana mkaguzi anakuja kabla jipsamu haijapigwa: ikishafungwa hakuna atakayeona kitu. Sufi ya R-19 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto) ukiisindika kwenye ukuta wa inchi tatu na nusu inabaki kama R-13, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi, na wewe umeikamua hewa hiyo. Mnaona? Swali la kuchambua mmeshalijibu, na kitabu hakijafunguliwa.

Jambo la pili ndilo linalotusumbua sisi tuliotoka Pwani. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, na ua katikati ili upepo upite. Tumelelewa tukiamini nyumba nzuri ni ile inayopumua. Halafu hapa Minnesota tunaambiwa tuzibe kila tundu. Wengi huona kama mambo mawili yanayopingana, na kwenye mtihani wanachagua jibu la Pwani.

Fikiria glasi ya maji baridi mezani Dar es Salaam. Inatoka jasho. Maji hayo hayakuvuja kutoka ndani ya glasi, ni mvuke wa hewani uliokutana na kitu baridi. Sasa igeuze nyumba. Huku, mwezi wa pili, mvuke wa ugali na wa maji ya kuoga uko ndani kwenye joto, na ubao wa nje wa ukuta una baridi ya barafu. Kila tundu la swichi linapitisha hewa hiyo hadi kwenye ubao ule, nayo inatoa jasho ndani ya ukuta. Baada ya miaka michache ubao umeoza na kuvu imetanda, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini watoto wanakohoa. Miami, kwenye kiyoyozi na unyevu mwingi nje, mambo yanageuka: mvuke unatoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo kabla ya kujibu swali lolote la ukuta, tazama nyumba iko wapi.

Upenyo huo hupimwa. Feni kubwa hufungwa mlangoni, inavuta hewa mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50, kisha tunasoma futi za ujazo ngapi zinapita kwa dakika. Nyumba yangu ilikuwa na dari ya futi 8, kwa hiyo ujazo wake ni 16,000. Feni ilisoma 800. Zidisha kwa dakika 60, unapata 48,000. Gawanya kwa 16,000: hewa yote inabadilika mara 3 kwa saa. Fanyeni hesabu hii mpaka mkono uizoee.

Ukishaiziba hivyo, lazima uipe pumzi kwa njia unayoijua mwenyewe. Kanuni ya ASHRAE 62.2 ya mwaka 2010, ya kuingiza hewa safi nyumbani, inasema: eneo la sakafu mara 0.01, jumlisha 7.5 mara idadi ya vyumba vya kulala ukiongeza kimoja. Kwa nyumba yangu ni 20 na 30, yaani futi za ujazo 50 kwa dakika. Toleo la 2013 likapandisha 0.01 kuwa 0.03, na nyumba ileile ikadai 90. Nyumba haijabadilika hata msumari. Kwa hiyo kabla ya kulipia mtihani, soma mwongozo wake ujue unafuata toleo gani la LEED na kanuni za mwaka gani. Toleo la 4 lilitoka 2013, la 5 limetoka 2025. Vitabu vya kuazima ni baraka, lakini tazama mwaka.

Radoni nitaigusa kidogo, ingawa imo sana katika jimbo hili. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka ardhini, na hapa Marekani ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Ile bomba mnayoisimamisha kutoka chini ya zege hadi juu ya paa, ambayo wengine huniuliza ni ya nini, kazi yake ni kuitoa hiyo gesi kabla haijaingia sebuleni. Na alama ya HERS, kipimo cha nishati inayotumiwa na nyumba, ni rahisi: 100 ni nyumba ya kulinganishia, 0 ni nyumba inayozalisha nishati yote inayotumia, na 55 maana yake imepunguza asilimia 45.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu Kiingereza. Ndiyo, ni kigumu. Mimi nilijadili kila swali kwa Kiswahili na mwenzangu, tukielezana nyumba inafanya nini, ndipo tukarudi kwenye maneno yao. Mara ya pili nilipata 181.

Jumamosi ijayo njooni na futi kamba na kalamu. Tutapima ukumbi huu, urefu, upana na kimo, tutafute ujazo wake, kisha tuzunguke na kijiti cha udi kinachofuka moshi kwenye madirisha yote tuone hewa inaingilia wapi.