Choo cha Chombo: Anza na Hesabu ya Maji

Wenye vyombo, manahodha na mafundi, nitalisema tena nilisemalo kila nikipewa nafasi: anayechagua choo cha chombo aanze na hesabu ya maji, si sura ya bakuli dukani.

Chukueni mashua ya watalii, watu 6, siku moja na usiku wake. Choo cha pampu ya mkono kinachovuta maji ya bahari hula kama lita 3 kila mtu akitumia. Kila mmoja aende mara 5. Ni mara 30 hizo, lita 90. Mkojo wao wote ni kama lita 9, maana mtu mzima hutoa lita moja na nusu hivi kwa siku, na kinyesi chao hakizidi sana kilo moja. Tangi la maji taka la lita 100 limejaa kwa siku moja, na limejaa maji ya bahari mliyoyapandisha wenyewe, mkayachafua, sasa mnatafuta pa kuyapeleka!

Mtaniambia yanamwagwa baharini. Wapi? Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, Kiambatisho cha 4, unakataza kumwaga maji taka ghafi ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Yakisagwa na kutiwa dawa, unakataza ndani ya maili 3. Najua, mkataba huo ni wa meli za tani 400 na kuendelea, au zenye kibali cha kubeba watu zaidi ya 15. Kwani kinyesi cha mashua hakina vijidudu? Maili 12 ni kilomita 22. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara una upana wa kilomita 29 hadi 37. Simameni katikati kabisa, bado hamjatimiza maili 12 upande wowote. Na mgeni wenu anaogelea palepale mlipotia nanga.

Ndiyo maana nashikilia choo kikavu kinachotenganisha. Mbele ya kiti mkojo unashuka kwenye dumu, nyuma kinyesi kinaangukia ndoo, na kila aliyekwenda haja kubwa anafunika kwa kikombe cha vumbi kavu la makumbi ya nazi. Kitanuka? Uvundo mkali huanza mkojo ukichanganyika na kinyesi. Choo cha maji ya bahari ndicho kinachonuka yai viza, kwa kuwa viumbe vilivyomo hufa na kuoza bombani bila hewa. Hapa feni ndogo ya volti 12, kama ya kompyuta, na bomba la hewa lenye wavu wa kuzuia nzi vinatosha. Kiti kitazame omo, yaani mbele ya chombo, au tezi, yaani nyuma, kamwe kisitazame ubavuni: chombo kikilala kwa upepo, mkojo hurudi nyuma ukaingia ndooni.

Na kuchamba je? Swali zito, na vyoo vingi vya kutoka Ulaya havikulifikiria. Maji yakiingia ndooni kazi imeharibika. Tengenezeni sehemu ya tatu: bakuli kando ya kiti, mtu anasogea, anachamba kwa kopo la lita 1, maji yanashuka dumu lake peke yake. Dumu hilo lina kinyesi, msilichanganye na la mkojo. Maji ya kujitoharisha baada ya haja ndogo yapite mbele pamoja na mkojo. Jumlisheni yote, hamfiki lita 30 kwa siku, na mtu anayashusha gatini kwa mkono.

Yaliyobaki haraka, mwenyekiti anatazama saa. Anayeng'ang'ania choo cha maji, mabomba yapandishwe na kupindwa angalau sentimita 20 juu ya usawa wa maji hata chombo kikiwa kimelala, na juu ya pindo iwekwe valvu ya kuingiza hewa. Bila hiyo bahari hujivuta yenyewe hadi bakulini, chombo kikazama nangani. Mkojo na maji ya bahari hufanya jiwe ndani ya bomba. Mwageni siki kila wiki. Kinyesi cha ndoo kikae nchi kavu ndani ya pipa lililofunikwa, mwaka mzima, kisha kiende kwenye minazi, si kwenye mchicha. Kisiwani Chumbe, jirani na Unguja, vyoo vya wageni ni vya mboji, havitumii maji ya kusukuma. Nendeni mkaulize wanavyovitunza, kabla hamjalipa arubuni ya choo chochote.