Mwanamke Asiyelalamika: Mwanza Imetufundisha Nini Kuhusu Magonjwa ya Via vya Uzazi na VVU

(Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza mbele ya wanafunzi wa uuguzi na ukunga, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na akina mama wa mialo ya jirani.)

Shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine hamjambo. Nawashukuru hasa akina mama wa mwaloni. Najua dagaa wakishaanikwa hawamsubiri mtu, na bado mmekuja. Leo nasema na watu wa pande mbili za meza moja: wanafunzi watakaotoa huduma, na akina mama watakaoipokea. Nikionekana nimewasemesha wa upande mmoja muda mrefu mno, nishtueni.

Wanafunzi, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa jina la mkoa huu lilipoanza kutajwa katika vyuo vya udaktari duniani. Mwaka 1991 hapakuwa na dawa za kufubaza VVU vijijini kwetu, na kupima kwenyewe kulikuwa kwa shida. Watafiti wa NIMR, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, shirika la afya la AMREF na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London wakajiuliza swali moja: je, magonjwa ya zinaa yanayotibika yakitibiwa vizuri katika zahanati za kawaida, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Wakachukua jamii 12 za vijijini na kuziweka katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa huduma: watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa zipo, wasimamizi walipita mara kwa mara, na wananchi walihimizwa kuja mapema. Jamii ya pili iliendelea na huduma iliyokuwepo hadi utafiti ulipokwisha.

Watu wazima wapatao 12,500 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Majibu yalichapishwa mwaka 1995. Walikoboreshewa huduma, asilimia 1.2 ya watu walipata VVU katika kipindi hicho. Kwingine ni asilimia 1.9. Tofauti hiyo ni pungufu ya takriban asilimia 40 ya maambukizi mapya. Haikuletwa na chanjo wala mtambo wa bei mbaya. Ililetwa na zahanati yenye mtumishi aliyefundishwa na kabati lenye dawa.

Kwa nini iwe hivyo? Utando wa uke ni kama uzio wa boma: ukiwa mzima, mwizi huhangaika nje. Kidonda cha kaswende, cha pangusa au cha malengelenge ya sehemu za siri hufungua tundu. Kisonono, klamidia na trikomona huleta uvimbe wa ndani, na palipo na uvimbe mwili huita seli zake za kinga. Seli hizo ndizo VVU wanazozitafuta ili waingie, kwa hiyo virusi hukuta mlango na wenyeji wao pamoja. Na kama mama tayari anaishi na VVU, uvimbe huo huongeza virusi katika majimaji ya ukeni. Halafu kuna wale bakteria wema, laktobasili, wanaotengeneza asidi ya kuulinda uke. Wakipungua, bakteria wengine huzidi, majimaji hubadilika na harufu huwa kama ya samaki. Hali hiyo, vajinosisi ya bakteria, haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa kama kisonono, na wengi huidharau. Lakini tafiti nyingi za Afrika zimeona kuwa wanawake walio nayo hupata VVU zaidi ya wasio nayo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Katika jamii zile zile zilizoboreshewa huduma, kaswende ilipungua. Wanaume wenye usaha na maumivu ya mkojo walipungua. Lakini wajawazito walipopimwa kliniki, kisonono, klamidia na trikomona havikuwa vimepungua kiasi cha kuhesabika. Habari hiyo haikushangiliwa kama ile ya asilimia 40, na mimi naiona nzito sawasawa nayo.

Huduma ile ilimngoja mgonjwa aje aseme. Mwanaume mwenye kisonono mara nyingi huja mwenyewe, tena mbio, kwa kuwa mkojo unamchoma. Mlango wa kizazi uko ndani, na kisonono au klamidia huweza kukaa pale miezi kadhaa mama asisikie lolote. Anapika, anapanga samaki, ananyonyesha, na vijidudu vinapanda kwenye mirija ya uzazi. Siku atakayolalamika pengine atasema hapati mtoto, au ataletwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, anavuja damu kwa ndani.

Na yule anayelalamika kwamba anatokwa na uchafu? Mara nyingi huo unatokana na vajinosisi au fangasi, na jicho la muuguzi haliwezi kutofautisha. Tukitibu kwa dalili peke yake, tunawapa dawa ya kisonono wanawake wengi wasio na kisonono, na tunawakosa wengi walio nacho. Wengine wanaambiwa tu “una UTI”, wanapewa vidonge dukani, wanarudi mwezi ujao wakiwa vile vile. Njia ya dalili iliokoa watu na itaendelea kuwaokoa mahali pasipo na maabara. Ila kwa mwanamke haitoshi, na tuna haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Jirani zetu wa Rakai, Uganda, walijaribu njia nyingine: kuwatibu watu wazima wote kwa mpigo kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Majibu yao ya mwaka 1999 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU hayakutofautiana na ya jamii ambazo hazikupewa tiba hiyo. Wako waliohitimisha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa hakuna faida kwa VVU. Mimi sikubaliani nao. Rakai ilikuwa na VVU kwa asilimia 16 ya watu wazima na Mwanza asilimia 4 tu. Kule janga lilikuwa limekwisha kukomaa, na malengelenge, ambayo dawa zile haziyagusi, yalikuwa yanasababisha sehemu kubwa ya vidonda. Isitoshe, dawa ya mara moja kila miezi 10 humwacha mtu aambukizwe tena wiki inayofuata.

Basi kuhusu malengelenge, Mwanza ilijaribu tena. Wanawake 821 wasio na VVU, wanaofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na vibanda vya chakula, walipewa aciklovia, dawa ya malengelenge, mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka mwaka 2008, na dawa haikuwakinga na VVU. Kisha ikaja jeli ya kupaka ukeni iitwayo PRO 2000, iliyojaribiwa kwa wanawake zaidi ya 9,000 katika nchi nne, wa Mwanza wakiwemo. Mwishoni mwa 2009 ikatangazwa kuwa haikingi.

Mama lishe na wahudumu wa baa walitoa damu yao, wakajibu maswali ya faragha ambayo wengi wetu hapa tungeona haya kuyajibu, na jibu likawa hapana. Jibu hilo lina thamani. Bila wao tungekuwa tunagawa jeli isiyofanya kazi na kuwaambia binti zetu wako salama. Naomba anayekutana nao kazini awaheshimu. Wamechangia elimu ya dunia kuliko wengi wenye vyeti ukutani.

Nije kwenye kaswende. Hapa naomba mnivumilie nikikasirika. Utafiti mwingine wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliangalia wajawazito ambao hawakupimwa kaswende. Watafiti walikadiria kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watoto waliozaliwa wafu katika kundi hilo, asilimia 51, walikufa kwa sababu ya kaswende ya mama. Nusu! Na utafiti huo huo ulionyesha kwamba sindano moja ya penisilini aina ya benzathini, yuniti milioni 2.4, ikitolewa wakati wa ujauzito, hulinda mimba vizuri. Dawa hii ni ya zamani na ni ya bei ndogo. Leo kuna kipimo kimoja cha tone la damu la kidoleni kinachopima VVU na kaswende kwa pamoja, na jibu hupatikana mama angali amekaa kwenye benchi. Mama mwenye kaswende iliyojificha hana la kulalamikia. Usipompima, hutamjua.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa ukanda huu pengine kuliko watu wengine wote: kichocho. Kandokando ya ziwa kichocho kikubwa ni kile cha tumbo. Ukiingia ndani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, unakuta kile cha mkojo, na konokono wake anaishi humo. Minyoo wake waliokomaa hukaa kwenye mishipa ya damu, na mayai yao hunasa kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Hapo huleta madoa yanayofanana na chembe za mchanga, damu baada ya tendo la ndoa, maumivu na majimaji. Mama huyu akija kwetu tunamtibu kisonono. Haponi, maana hana kisonono. Akirudi mara ya tatu tunaanza kumwangalia kwa jicho la kumtuhumu, yeye au mumewe, ilhali ugonjwa aliupata akipanda mpunga au akichota maji. Utafiti wa Zimbabwe wa mwaka 2006 uliona wanawake wenye kichocho cha via vya uzazi wana uwezekano wa kuwa na VVU karibu mara tatu ya wenzao, na tafiti za vijijini huku kwetu nazo zimeona uhusiano huo. Watoto hupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni. Mama zao, wanaosimama majini siku nzima, hawana shule ya kuwafikishia dawa.

Kwa hiyo wanafunzi, mama akiwa mbele yenu, mwulizeni hata kama hakusema. Mwulizeni kuhusu damu baada ya tendo, kuhusu kazi ya majini, kuhusu mwenza wake kama ametibiwa; maana trikomona kwa mwanaume mara nyingi haina dalili, na ukimtibu mke peke yake umempotezea muda. Penye kipimo cha maabara mpatie, hata kwa usufi, ile pamba ya kuchukulia sampuli ukeni, aliojichukulia mwenyewe, kwani kwa klamidia na virusi vya saratani ya mlango wa kizazi usufi wa namna hiyo hufanya kazi vizuri. Funga mlango kabla hujauliza. Usimwulize mbele ya foleni.

Nanyi akina mama: kujisafisha ndani kwa sabuni au kukausha kwa kitambaa huwaondoa bakteria wema na kuukwaruza utando. Nje panatosha maji. Ujauzito ukiingia nendeni kliniki mapema, mkaulize kwa jina, “Na kaswende mmenipima?” Mtumishi akinuna, mwulizeni tena.

Nimalizie hapo ili tupate muda wa maswali. Akina mama waanze, wanafunzi wangu watasubiri.