Kutoka kiuno cha panya hadi kliniki ya uzazi: kazi ya Donald Pfaff

NEEMA: Karibuni tena jamani. Leo ni mtafiti mmoja nampenda sana, Donald Pfaff wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Huyu ni mtu wa ubongo na tabia kabisa, lakini kazi yake ikaja kuwagusa watu waliochelewa kubalehe.

KASSIM: Alianzia wapi sasa?

NEEMA: Kwa panya jike. Si unajua panya akiwa kwenye joto, yaani yuko tayari kupandwa, dume akimgusa ubavuni yeye anabinua kiuno na kusimama tuli, mguso uleule akiwa hana estrojeni, ile homoni ya kike, anakimbia zake au anampiga teke. Pfaff akakishikilia hicho kitendo kimoja, akawa anaifuata njia yake yote, kutoka kwenye ngozi, uti wa mgongo, mpaka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo upande wake wa chini, akitafuta ni seli zipi hasa zinazoipokea estrojeni.

KASSIM: Mtu wa nje angesema anapoteza muda.

NEEMA: Angesema, eeh. Na mimi hapo ndo namheshimu, maana hakukimbilia maswali makubwa makubwa. Mwaka 1973 yeye na wengine wakaonyesha kwamba GnRH, ile homoni ya ubongo inayoamsha ovari na korodani kupitia tezi ya pituitari, inachochea pia hiyo tabia yenyewe. Yaani homoni moja inachangia kujamiiana na kukomaa kwa yai pia!

KASSIM: Duh. Na hizo seli za GnRH ziko wapi?

NEEMA: Subiri, hapa ndo patamu. Mwaka 1989 yeye na Marlene Schwanzel-Fukuda wakaziangalia kwenye vijusi vya panya wadogo wa maabara, wakakuta hazizaliwi kwenye ubongo. Zinazaliwa puani! Siku ya 11 hivi ya mimba ziko puani, halafu zinapanda kidogo kidogo zikifuata neva mpaka siku ya 16 nyingi zimeshaingia ubongoni. Susan Wray na wenzake nao wakaliona hilohilo mwaka huohuo.

KASSIM: Ngoja kwanza... ule ugonjwa wa Kallmann, wa watu wasionusa na hawabalehi?

NEEMA: Huohuo! Umejulikana tangu 1944 na watu wanashangaa tu, pua na uzazi vinahusiana nini? Sasa 1989 hiyohiyo wakachunguza kijusi cha binadamu cha wiki 19 chenye huo ugonjwa, seli za GnRH zimerundikana chini ya ubongo, hazijavuka kuingia ndani, na bila hizo kubalehe hakuji.

KASSIM: Kwa hiyo kijana wa miaka 18 hana ndevu, au binti hajaona hedhi...

NEEMA: Aulizwe kama ananusa! Swali la sekunde 5, halina gharama, na linaniuma kwa sababu wengi wanaambiwa subiri tu utakua, miaka inapita mtoto anajificha wenzake wakibadilisha nguo. Daktari wa homoni anaangalia damu, wa pua anaangalia pua, hakuna anayeunganisha.

KASSIM: Na wakigundulika wanasaidika?

NEEMA: Wanasaidika sana. Wanapewa homoni wakabalehe, na wakitaka watoto kuna pampu ndogo inayowapa GnRH kwa vipindi, kila dakika 90 hadi 120 hivi, kama ubongo wenyewe unavyofanya, maana ukiimwaga mfululizo pituitari inazima. Wengi wanapata watoto wao wenyewe.

KASSIM: Na kunusa je?

NEEMA: Kunusa hapana, homoni hazikurudishi huko.