Nilihama Minnesota kwenda Texas katikati ya mwaka: kodi ya jimbo niliimalizaje

Ndugu zangu, hamjambo? Karibuni tena. Leo sitembei mjini wala sionyeshi soko. Nimekaa mezani hapa Houston, na mbele yangu kuna bahasha tatu zilizonikosesha usingizi kuanzia Januari hadi Aprili. Nataka tuzifungue pamoja, maana haipiti wiki bila mtu kuniandikia: "Dada, nahamia Texas, nasikia huko mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Ni kweli?" Ni kweli. Lakini ukihama mwezi wa sita, ile miezi uliyoishi ulikotoka haifutiki, na hapo ndipo wengi wetu tunapoachia pesa zetu au tunapojikuta tunadaiwa.

Mjomba wangu wa Muheza nilipomweleza kwa simu aliniuliza swali la haki kabisa: "Kodi si umeshakatwa kazini? Sasa unahangaika na nini tena?" Nikamwambia, mjomba, kwetu ukihamishwa kutoka Tanga kwenda Mwanza, PAYE ni ileile na TRA ni ileile. Hata ukivuka maji kwenda Unguja, kodi ya mapato ni jambo la Muungano, sheria haibadiliki. Ndugu zetu wa Kenya vilevile: Katiba yao ya 2010 imeiachia serikali ya taifa peke yake kodi ya mapato, kwa hiyo kuhama kutoka Kisumu kwenda Kwale hakugusi mshahara wako. Marekani sivyo. Huku kuna kodi ya serikali kuu, inayokusanywa na IRS, na hiyo ukiwa Alaska au Florida ni moja. Halafu kila jimbo lina sheria zake, viwango vyake, fomu zake na idara yake ya mapato. Majimbo tisa hayatozi mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Mengine yote yanatoza, kila moja kwa namna yake. Na kuna mahali ambapo hata jiji linadai fungu lake. Dada mmoja wa Kikongo aliyehamia Columbus, Ohio, aliniuliza ni makato gani yale asiyoyajua kwenye slipu yake. Ni kodi ya jiji, asilimia 2.5 ya mshahara, mbali na ile ya jimbo la Ohio.

Sasa yangu. Mpaka katikati ya 2024 nilikuwa Brooklyn Park, Minnesota. Nashughulikia malipo ya bima za hospitali, kazi ya kompyuta, na mwajiri alinikubalia niendelee na kazi ileile nikiwa nyumbani Texas. Tarehe 29 Juni nikakabidhi funguo za nyumba, tukapakia lori dogo na binamu yangu, tukaondoka. Nilimwandikia meneja wangu kwamba nimehama, akanijibu kwa furaha, akanitakia heri. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Meneja anajua, lakini wanaotengeneza mishahara ni watu wengine na hawakuambiwa. Julai wakakata kodi ya Minnesota. Agosti wakakata. Septemba wakakata. Mimi slipu yangu nilikuwa naangalia mstari wa chini tu, ule wa pesa inayoingia benki, na naamini wengi mnaonitazama mnafanya hivyo hivyo. Mwezi Oktoba ndipo nikaifungua yote na kuona zile herufi mbili, MN, zimekaa palepale. Kila mwezi zilikuwa zinaondoka dola 200 na kidogo. Miezi minne, zaidi ya dola 800. Hiyo ni pesa ya watu nyumbani.

Kwa hiyo kama umehama leo, kesho asubuhi andika barua pepe kwa watu wa mishahara wenyewe. Taja anwani mpya, taja tarehe uliyohama, na omba wabadilishe jimbo la makato. Kama unakokwenda kuna kodi ya jimbo, ulizia na fomu ya makato ya jimbo hilo, kwa kuwa W-4 ni ya serikali kuu na majimbo mengi yana ya kwao. Kisha slipu ya kwanza baada ya hapo isome mstari kwa mstari.

Tufungue bahasha ya kwanza. Hii ni W-2, karatasi ambayo mwajiri lazima aitoe kufikia tarehe 31 Januari, inayosema mwaka mzima ulipata nini na ulikatwa nini. Yangu ilitumwa kwenye anwani ya Brooklyn Park. Bahati nzuri nilikuwa nimewaambia watu wa posta wanifuatishie barua, ikanifikia mwishoni mwa Februari. Macho yote huishia kwenye kisanduku namba 1, mshahara wa serikali kuu. Wewe uliyehama shuka chini kabisa, visanduku namba 15, 16 na 17. Namba 15 ni jina la jimbo, 16 ni mshahara unaohesabiwa kuwa wa jimbo hilo, 17 ni kodi iliyokatwa kwa ajili yake. Mimi kwa mwaka nilipata dola 57,600. Kisanduku namba 16 kilisema Minnesota dola 48,000, yaani miezi kumi, wakati nimeishi na kufanya kazi kule miezi sita tu.

Hapa kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa, na ningependa mlishike vizuri. Kinachotazamwa ni siku ulipoifanya kazi na mahali ulipokuwa umekaa ukiifanya. Siku ya kulipwa haina neno. Malipo yaliyoingia benki kwangu Julai mwanzoni yalikuwa ya wiki za mwisho za Juni. Nilipoyapokea nilikuwa tayari Houston nakunywa chai, lakini jasho lile lilitoka Minnesota, kwa hiyo ni ya Minnesota. Na kuanzia Julai, ingawa mwajiri wangu yuko kulekule na mshahara unatoka kulekule, kazi naifanyia Texas, basi Minnesota haina chake.

Msichukue hili mkadhani majimbo yote yako hivyo. New York ina sheria kali: kama mwajiri wako yuko New York, nawe umehamia Florida kwa hiari yako unafanya kazi kutoka nyumbani, siku zile bado wanaweza kuzihesabu kana kwamba ulikuwa ofisini kwao. Nimeona kijana mwenzetu amehama kwa hesabu ya kuikwepa kodi, na imemfuata hadi Orlando. Kabla hujapakia mizigo soma sheria ya jimbo aliko mwajiri, usisome ya unakokwenda peke yake.

Bahasha ya pili ni W-2 iliyosahihishwa, inaitwa W-2c. Niliiomba kwa maandishi na kuambatanisha mkataba wa nyumba mpya. Nilisubiri wiki tatu, nikakumbusha, ikaja. Ungeweza kujaza ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, bila hiyo na kuandika hesabu yako mwenyewe, lakini jimbo linapokea nakala ya W-2 pia. Likiona mwajiri anasema 48,000 na wewe unasema 28,800, usishangae barua ya maswali ikija. Mimi nilitaka karatasi zangu na zao ziseme kitu kimoja.

Na ushahidi wa kuhama, ndugu zangu, msiuone mdogo. Jimbo ulilotoka lina haki ya kuuliza: je, kweli ulihama, au ulikwenda kutembea? Ndiyo maana nilipofika nilifanya mambo haraka. Texas inataka mgeni asajili gari ndani ya siku 30 na achukue leseni ya udereva ndani ya siku 90. Risiti zote ninazo. Mkataba wa nyumba ya zamani wenye tarehe ya kukabidhi funguo ninao. Bili ya umeme ya kwanza ya Houston ninayo. Nimezipiga picha na karatasi zenyewe nimeziweka kwenye faili moja. Ukiacha nyumba kule, mke na watoto kule, leseni ya kule, halafu useme umehama, utapata shida kueleweka.

Bahasha ya tatu ni ritani yenyewe ya Minnesota. Kwa serikali kuu nilijaza fomu 1040 kama kawaida, moja tu. Kwa Texas hakuna cha kujaza. Kwa Minnesota nilijaza M1, pamoja na jedwali linaloitwa M1NR, ambalo ni la mtu aliyeishi pale sehemu ya mwaka au asiyeishi pale kabisa. Lina safu mbili: ya kwanza unaandika mapato yako yote ya mwaka, ya pili unaandika yale ya Minnesota tu. Wengi hudhani kodi inapigwa kwenye safu ya pili peke yake. Hapana. Wanapiga kodi ya mapato yote kana kwamba uliishi kwao mwaka mzima, kisha wanachukua sehemu inayolingana na fungu lao. Fungu langu lilikuwa nusu, kwa hiyo nililipa nusu ya kodi ile. Tofauti ipo, maana viwango vya Minnesota vinapanda kwa ngazi, vinaanza asilimia 5.35 hadi 9.85. Ukipata kazi nono huko ulikohamia, ile nono inakupandisha ngazi hata kwa miezi uliyokuwa Minnesota. Jiandae nalo.

Kitu kingine nusura nikisahau. Nilikuwa mpangaji Brooklyn Park, na Minnesota inawarudishia wapangaji wa kipato cha kawaida sehemu ya pango walilolipa. Mwenye nyumba anapaswa kukupa cheti cha pango ulilolipa kufikia 31 Januari, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2024 dai hilo linajazwa humohumo kwenye ritani ya mapato. Kuhama hakukunyimi haki ya miezi uliyoishi pale. Mwenye nyumba wangu hakunitumia mpaka nilipompigia. Mpigie.

Gharama za kuhama, lori, mafuta, hoteli ya njiani? Serikali kuu haikupunguzii kodi kwa hizo tangu 2018, ila kwa wanajeshi waliopewa amri ya kuhama na wachache wengine. Nililiulizia sana hili na jibu halikuwa zuri.

Madereva wa malori, najua mko wengi hapa. Nyinyi mnavuka majimbo matano kwa wiki, na kuna sheria ya shirikisho inayowalinda: dereva aliyeajiriwa, ambaye kazi yake ya kawaida iko katika majimbo mawili au zaidi, mshahara wake unatozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi tu. Ukihama, jimbo lako la makazi ndilo linalobadilika, na tarehe ya kuhama ndiyo mpaka wako. Wauguzi na wasaidizi wa wazee wanaochukua mikataba ya wiki kumi na tatu hawana kinga hiyo. Ukifanya kazi Oregon unajaza ritani ya Oregon kama mgeni, hata kama unalala ng'ambo ya mto, Vancouver ya Washington. Kama jimbo unaloishi nalo linatoza, linakupa nafuu kwa kodi uliyolipa kwingine, lakini nafuu hiyo lazima uidai mwenyewe kwenye fomu. Ndugu wa Moorhead wanaovuka daraja kwenda kazini Fargo wana unafuu wao: Minnesota ina makubaliano na North Dakota, pia na Michigan, kwamba mshahara unatozwa na jimbo unaloishi tu. Mpe mwajiri fomu yake mapema, asianze kukata.

Mama yangu aliuliza kama basi Texas ni nafuu kuliko Minnesota. Nimemjibu kwamba inategemea unaishi vipi. Minnesota nguo hazina kodi ya mauzo. Hapa Houston nimenunua sare za shule za mtoto wa binamu yangu, juu yake wakaweka asilimia 8.25. Na kodi ya majengo ya Texas ni nzito, waliojenga huku wanaijua. Kama unahama kwa ajili ya kodi ya mshahara tu, kaa na kalamu kwanza.

Kwa aliyehama mwaka jana au juzi na sasa anajishika kichwa: Minnesota inakupa miaka mitatu na nusu tangu tarehe ya mwisho ya kujaza, ambayo kwa kawaida ni 15 Aprili, kudai ulichokatwa zaidi. Chukua slipu za zamani uzikague. Na kama Kiingereza cha fomu kinakuchosha, kuna wasaidizi wa kujitolea chini ya mpango wa IRS unaoitwa VITA, wanajaza bure kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Uliza mapema kama kituo chako kinashughulikia ritani ya mtu aliyeishi majimbo mawili, maana vingine havifanyi. Mimi si mhasibu. Nimewaeleza nilichopitia na nilichokisoma kwenye maelekezo ya fomu zenyewe.

Pesa yangu iliingia wiki ya mwisho ya Aprili, dola 820. Bati za nyumba ya mama, upande wa jikoni, zimepanda wiki iliyofuata, picha nitawawekea.

Ukiniuliza swali hapo chini niandikie mambo matatu: jimbo ulilotoka, jimbo uliloingia, na tarehe uliyokabidhi funguo. Kiasi cha mshahara wako usikitaje, hapo wanasoma watu wengi.