Kansa ya Watoto na Chupa ya Damu

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Ni mimi Rehema, niko na kaka yangu Baraka. Wengi mmeuliza kama ni kweli mtu anatolewa damu tu na kuambiwa ana kansa kabla hata hajaumwa. Baraka, tuanzie hapo.

BARAKA: Ahsante dada. Seli za mwili zinakufa kila siku, na zikifa vipande vya DNA yake vinaingia kwenye damu. Watafiti wawili wa huko Ufaransa, Mandel na Métais, waliandika habari za vinasaba hivyo tangu 1948. Seli za kansa nazo hufa, na vipande vyake vinabeba kasoro zilezile za uvimbe vilikotoka. Ukivipata ukavisoma, umeujua uvimbe bila kupitisha kisu. Shida ni kwamba ni haba sana, na havikai. Baada ya saa chache vingi vimeshaondoka.

REHEMA: Na hiki kipimo cha damu kinachosifiwa kwamba kinasaka kansa zaidi ya aina 50?

BARAKA: Galleri, cha Marekani. Uingereza wamekifanyia majaribio kwa watu zaidi ya 140,000. Sasa sikiliza hesabu hizi. Utafiti wa PATHFINDER, uliochapishwa 2023, ulipima watu 6,621 wasio na dalili yoyote. 92 wakaambiwa damu yao inaonyesha kansa. Walipochunguzwa, waliokuwa nayo kweli ni 35.

REHEMA: Kwa hiyo 57 wamezungushwa kwenye vipimo bure.

BARAKA: Ndiyo. Na upande wa pili, utafiti wa kabla yake ulionyesha kwamba kansa iliyo hatua ya kwanza kabisa kipimo hiki kinainasa kwa watu kama 17 katika 100. Ya hatua ya nne, 90. Yaani kinaona vizuri zaidi pale ambapo tumeshachelewa.

REHEMA: Basi niseme wazi, hicho si cha kutukimbiza sisi kwa sasa. Kinachoniuma mimi ni watoto. Tuzungumzie Burkitt, kansa ya mitoki inayowapata watoto.

BARAKA: Tuzungumze. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akafuatilia, akakuta wengine wengi. Sampuli za uvimbe huo zikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani yake. Ndicho tunachokiita Epstein-Barr hadi leo. Karibu sote tunacho tangu utotoni na hatuumwi. Ila kwenye maeneo yenye malaria nyingi, watoto wachache kinawageukia.

REHEMA: Na kansa hii haina subira! Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Sasa fuatana na mama mmoja wa kijijini. Taya limevimba, anaambiwa jino, linang'olewa. Uvimbe ukitokea shingoni, mtoto anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Akifika hospitali kubwa, kinyama kinakatwa, kinasubiri mtaalamu wa patholojia, yule wa kukisoma kwa darubini, na wataalamu hao kwetu ni wachache mno. Wiki zinakatika, huku dawa za kutibu zipo na zinaponya watoto wengi wanaowahi.

BARAKA: Ndiyo maana mradi wa AI-REAL umenipa moyo. Ni wa Muhimbili, hospitali ya Lacor kule Gulu, Uganda, na Chuo Kikuu cha Oxford. Wanachukua damu ya mtoto mwenye uvimbe na kutafuta vitu viwili: DNA ya kirusi, na jeni inayoitwa MYC iliyohama mahali pake, ambayo ndiyo alama ya Burkitt.

REHEMA: Kwa nini kirusi peke yake hakitoshi?

BARAKA: Kwa sababu mtoto mwenye malaria tu anaweza kukutwa na DNA ya kirusi kwenye damu. Hong Kong walikumbana na jambo la namna hiyo. Walipima wanaume 20,174 wakitafuta kansa ya nyuma ya pua, inayotokana na kirusi hikihiki. Waliokutwa na DNA yake kwenye damu wakapimwa tena baada ya wiki nne, na ambao bado walikuwa nayo ndio wakamulikwa puani. Wakapatikana 34 wenye kansa, na 71 katika kila 100 walikuwa hatua za mwanzo. Zamani ilikuwa 20.

REHEMA: Hayo ni matokeo. Lakini kwetu mimi naitazama ile chupa ndogo ya kuwekea damu, ya kifuniko cha zambarau. Damu ikikaa humo, seli nyeupe zinapasuka na kumwaga DNA yake, ile chache ya uvimbe inamezwa. Inatakiwa izungushwe kwenye mashine ndani ya saa chache, maji yake yatengwe na seli. Nesi wa wilayani, umeme umekatika, gari la sampuli linakuja kesho...

BARAKA: Kuna chupa maalumu zinazotunza damu kwa siku kadhaa. Bei yake ndiyo kikwazo.

REHEMA: Basi hela za msaada zianzie kwenye chupa hizo na usafiri wake, kabla ya mashine za mamilioni.

BARAKA: Nakuunga mkono kabisa. Na kwa mzazi anayetusikiliza: mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, kabla hayajang'olewa mwambie daktari, "Naomba mwanangu achunguzwe kansa ya mitoki." Usione haya kusema hivyo.

REHEMA: Hata kama umeshaambiwa ni jino.